Wageni wa Nyumba Yetu, Beni

Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuenea vijijini kaskazini mwa mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, wakimbizi wa kwanza hawakwenda kambini. Walikuja majumbani. Mama alipokea familia iliyotoka upande wa Mbau, watu wa ukoo wa mbali. Kwetu Wanande hilo latosha. Sebule ikawa chumba cha kulala. Tuliamini kwamba ifikapo Noeli watakuwa wamerudi kwao.

Mahitaji ya siku zile yalionekana kwa macho: blanketi, bidoni ya maji, dawa ya malaria. Mashirika yaliyaleta, kisha yakaja na kuponi ili kila mama ajichagulie sokoni. Nilifurahi, maana mtu aliyenyang'anywa kila kitu alirudishiwa angalau uamuzi wake. Lakini waliotangulia kuandikwa ni wale waliolala shuleni na makanisani. Wageni wetu waliandikwa baadaye sana. Mama, aliyekuwa akiwagawia sombe na fufu kila jioni, hakuandikwa kamwe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lilikuwepo. Shamba lilikuwa kule kule walikouawa watu. Kakao ikiiva, baba wa familia ile alirudi kuvuna kwa kujificha, kwa sababu karo na chumvi vilitoka humo. Msimu wa mavuno ukawa msimu wa misiba: wengine walikuta kakao imeshavunwa na wenye silaha, wengine hawakurudi.

Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni. Ghafla magari yakajaa barabarani na ndoo za kunawia zikawekwa kila mlango. Ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 2,200, na kazi ile ilihitajika. Hata hivyo watu waliuliza kwa uchungu kwa nini wanaokufa kwa panga hawakuletewa haraka ya namna hiyo. Swali hilo lilikuwa la haki.

Mei 2021 ikaja hali ya dharura ya kijeshi, lakini watu hawakuacha kukimbia. Kutoka Bulongo na Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, waliingia Beni na Butembo, na wakati huo wenyeji tulikuwa tumechoka mfukoni. Mgeni akawa mpangaji: chumba kwa kodi, chakula kwa kibarua katika shamba la mwingine. Juni 2024 waasi wa M23 walipoteka Kanyabayonga, Lubero na Butembo zikapokea wengine tena, safari hii kutoka kusini.

Watoto waliokuja kwetu wakiwa mgongoni sasa wanatafutiwa karo ya sekondari. Kwa hiyo nawaomba wanaopanga misaada: ingieni majumbani, mwandikeni pia anayempokea mkimbizi. Nanyi wenye dhamana ya usalama, lindeni njia za mashambani wakati wa mavuno. Mkulima wa Ruwenzori akifika kwenye kakao yake na kurudi salama, atawalisha watoto wake mwenyewe.