Barua ya Mtendaji na Dola za Jela: Kesi ya Kupigana Kasulu na Kentucky

Mtu akipigwa Nyakitonto, wilayani Kasulu nchini Tanzania, iwe kilabuni jioni au kwenye mpaka wa shamba, safari ya kwanza ni ya kituo cha polisi, na ya hospitali hufuata. Kituoni hupewa PF3, fomu ambayo daktari huijaza akieleza jeraha lilivyo na aina ya kitu kilicholisababisha. Fomu hiyo hurudi polisi na baadaye hutolewa mahakamani kama kielelezo. Majeruhi mwenye hali mbaya anastahili kutibiwa kwanza, karatasi zikafuata. Tukio lenyewe huandikwa kitabuni, na mlalamikaji huondoka na namba ya RB, ambayo ndugu walio ughaibuni hutajiwa kwenye simu kabla hata hawajaelezwa nani alianza.

Jeraha ndilo linaloamua jina la kosa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaanzia na shambulio la kawaida, ambalo kifungo chake hakizidi mwaka 1. Likiacha madhara mwilini, ni shambulio la kudhuru mwili, miaka 5. Madhara yakiwa makubwa, kama mfupa uliovunjika au jicho lililopofuka, adhabu hufika miaka 7. Na ikithibitika kwamba mtu alikusudia kabisa kuleta madhara ya namna hiyo, anaweza kufungwa maisha. Mpangilio huu ni urithi wa ukoloni wa Kiingereza: hata ile miaka 5 ya shambulio la kudhuru mwili inalingana na ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, ambayo bado inatumika huko.

Kentucky, jimbo la Marekani ambako familia nyingi zilizopitia kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu zimeanza maisha mapya, huyapanga makosa haya kwa daraja, kutoka la nne hadi la kwanza. Daraja la nne linahusu maumivu ya kawaida na huhesabiwa kosa dogo, lenye kifungo kisichozidi miezi 12. Daraja la kwanza, la madhara makubwa yaliyokusudiwa, ni kati ya miaka 10 na 20. Ngumi ya kilabuni Kasulu na ngumi ya sebuleni Louisville, jiji la Kentucky, zinaweza basi kubeba kifungo kinachokaribiana. Zinaachana pale mtuhumiwa anapotafuta kutoka.

Sheria ya Tanzania ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 inataka mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Isipowezekana, mkuu wa kituo anapaswa kulitazama kosa, na kama si zito amwachie mtuhumiwa kwa bondi, awe na wadhamini au asiwe nao. Muda wa kumhoji nao una kikomo: saa 4 tangu aingie mikononi mwa polisi, isipokuwa umeongezwa kwa utaratibu. Anayekamatwa Ijumaa jioni hulala mahabusu mpaka Jumatatu kama hakuna aliyemfuata mapema, na ndiyo maana ndugu wenye uzoefu hawasubiri kuche. Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu kabisa wa mwaka 1991, aliyekamatwa bila hati lazima hakimu aangalie ndani ya saa 48 kama kuna sababu ya kumshikilia, na wikiendi haisimamishi saa hizo. Uingereza kuna jambo jingine la kusifiwa: tangu sheria ya mwaka 1984, ofisa anayesimamia mahabusu hahusiki na upelelezi wa kesi ile, na kazi yake ni pamoja na kuwakumbusha wapelelezi kwamba muda umekwisha.

Dhamana ya polisi Tanzania ni bure. Mabango vituoni yanasema hivyo na viongozi wa jeshi la polisi hulirudia jambo hilo, na kule kurudia kwenyewe kunaonyesha kwamba kuna wanaoombwa chochote. Kinachotakiwa ni mtu. Mdhamini huja na kitambulisho, cha NIDA kikiwepo, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kwamba anaishi pale na anafahamika. Kesi ikifika kwa hakimu, hutajwa kiasi cha fedha, lakini kwa shambulio la kawaida mdhamini hatoi hata shilingi siku ile. Anasaini kwamba mshtakiwa asipotokea, yeye ndiye atakayelipa. Nguvu ya utaratibu huu ni kwamba mtoro hatoroki serikali peke yake. Anamtoroka mjomba aliyesaini, na Nyakitonto mjomba ana njia nyingi za kumpata.

Udhaifu wake uko hapohapo. Asiye na watu hana dhamana, hata kama kosa lake ni kofi. Mkimbizi wa Nyarugusu, ambaye sheria inamtaka awe na kibali ili atoke kambini, hupata shida kumleta mdhamini ambaye kituo kitamkubali. Vivyo hivyo kibarua aliyetoka mkoa mwingine kuvuna. Fedha iliyotumwa kwa simu kutoka ng'ambo haiondoi tatizo hilo, maana aliye Louisville hawezi kusaini bondi ya Kasulu. Anachoweza ni kumshawishi mtu aliyeko aende.

Kulikuwa na wakati ambapo hata mdhamini hakusaidia. Sheria ya 1985 ilikuwa na kifungu kilichomnyima dhamana kila aliyeshtakiwa kwa kitendo chenye shambulio kubwa au tishio la nguvu dhidi ya mtu. Katika kesi ya Daudi Pete, aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa nguvu, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho kinapingana na Katiba, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikakubaliana naye. Ni hukumu inayostahili kujulikana zaidi vijijini kuliko inavyojulikana. Makosa yasiyo na dhamana hata hivyo yapo bado, yakiwemo mauaji ya kukusudia na unyang'anyi wa kutumia silaha, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilikataa kuifuta orodha hiyo. Kesi ya kupigana huweza kuangukia humo kwa njia mbili. Majeruhi akifariki, shtaka linaweza kugeuka kuwa la mauaji. Na mlalamikaji akiongeza kwamba katika purukushani ile aliporwa simu huku akitishwa kwa panga, dhamana hutoweka na kifungo huanzia miaka 30.

Kentucky hakuna barua ya mtendaji. Katika majimbo mengi ya Marekani kampuni binafsi humwekea mtu dhamana na kubaki na ada, kwa kawaida asilimia 10, isiyorudi hata kesi ikifutwa. Kentucky ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1976. Badala yake wafanyakazi wa mahakama humhoji aliyekamatwa ndani ya saa 24, wakiuliza kazi, makazi na kesi zilizopita, na hakimu hutumia majibu hayo kuamua: aachiwe kwa ahadi yake, au alipe fedha mahakamani, yote au asilimia 10. Aliyepangiwa dola 5,000 asizo nazo hukaa jela ya kaunti, na huenda akafukuzwa kazi kabla hajapatikana na hatia. Jimbo la Illinois liliona ubaya huo na kufuta dhamana ya fedha Septemba 2023.

Kwa upande wa wakili, ughaibuni kuna nafuu kubwa: Marekani asiye na uwezo hupewa wakili wa umma, hata kwa kosa dogo linaloweza kumpeleka jela. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, lakini katika Mahakama ya Mwanzo, zinakosikilizwa kesi nyingi za kupigana, washtakiwa wengi hujitetea wenyewe.

Tofauti inayowashangaza zaidi wahamiaji ni ya kupatana. Sheria ya Tanzania inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida, na fidia ikilipwa kesi inaweza kuishia hapo. Kwa ugomvi wa majirani njia hiyo ni ya busara. Kwa mke anayepigwa, suluhu inayosimamiwa na wakwe ni hatari. Kentucky, kesi ikishafunguliwa ni mali ya mwendesha mashtaka. Mke akisema amesamehe, bado kesi inaweza kuendelea, na hakimu anaweza kumzuia mume asirudi nyumbani wala asimpigie simu. Mume anayerudi kwa sababu ameitwa na mke mwenyewe amevunja sharti la dhamana na hukamatwa upya.

Kwa asiye raia wa Marekani kuna hatua moja zaidi. Kutiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani kunaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye kadi ya ukaazi, ingawa kifungo chenyewe ni kidogo au kimeahirishwa. Katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, mwaka 2010, Mahakama ya Juu kabisa iliamua kwamba wakili anayemshauri mhamiaji akiri kosa lazima kwanza amweleze kama kukiri huko kunaweza kumrudisha alikotoka.