Maua ya nyanya yakipukutika kwenye kitalu nyumba, usikimbilie maji



Leo naanza na kosa langu, kwa sababu lilimgharimu mtu mwingine.

Mama mmoja wa hapa kwetu alichukua akiba yake ya korosho, akaongezea mkopo wa kikoba, akajenga kitalu nyumba kidogo cha nguzo na nailoni. Mimi ndiye niliyemshauri. Nilimwambia apande nyanya mwanzoni mwa Septemba ili avune Desemba, zikiwa adimu sokoni. Miche ilikubali. Kufika katikati ya Oktoba ilikuwa mirefu, maua yamejaa, majirani wanakuja kushangaa.

Siku chache baadaye akanipigia simu: "Mwanangu, maua yote yako chini."

Nilifika saa tatu asubuhi. Nikaona majani yamejikunja kuelekea juu, nikasema haraka: "Mama, hii ni kiu. Ongeza maji." Akaongeza. Unajua mwenyewe dumu la maji lina thamani gani huku Makonde, hata kwetu tulio karibu na chanzo cha Mitema. Maua yakaendelea kudondoka, na udongo uliolowa kupita kiasi ukaanza kuozesha mizizi.

Niliporudi ilikuwa saa nane mchana. Nikatundika kipimajoto ndani, kwenye kivuli, usawa wa maua. Nje kilisoma nyuzi 33. Ndani kilisoma 43. Mama akaniangalia akasema, "Bwana shamba, kumbe siku zote unakuja jua likiwa bado halijaamka."

Alikuwa sahihi. Tuelewane basi nini hutokea.

Nyanya hustawi vizuri mchana ukiwa kati ya nyuzi 21 na 27 hivi. Joto likipita 35, chavua hudhoofika, ua halishiki tunda, linadondoka. Usiku wenye joto nao huharibu, hata kama mchana ulikuwa wa wastani. Majani huvumilia zaidi kuliko maua, ndiyo maana mche unaweza kuonekana na afya huku mavuno yameshapotea. Matunda yaliyokwisha kushika nayo hupata shida: zaidi ya nyuzi 30 rangi nyekundu haijengeki vizuri, nyanya inabaki na mabega ya njano. Wewe mfanyabiashara ukiziona hivyo, ujue nyingi zimepigwa na joto.

Je, utajuaje kama ni kiu au ni joto? Chimba kwa kidole, kina cha kidole kizima. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia. Ukiwa na unyevu na majani bado yamejikunja mchana, usiongeze hata kikombe. Shughulikia joto.

Fanya hivi:

1. Pima saa nane mchana, si asubuhi. Kipimajoto kikae kivulini, usawa wa maua.

2. Toa hewa moto kwa juu. Hewa ya moto hupanda, hivyo acha uwazi kwenye paa, na pande zote weka neti badala ya nailoni.

3. Miezi ya jua kali, tandaza neti ya kivuli juu ya paa. Kivuli cha asilimia 30 hadi 40 kinatosha. Kikizidi, mimea itarefuka bila kuzaa.

4. Weka matandazo ya nyasi kavu, na mwagilia asubuhi na mapema kwa kiasi kilekile kila siku. Maji ya leo mengi kesho hakuna huleta kuoza kitako cha tunda.

5. Ndani hakuna upepo wa kutosha, hivyo tikisa vishada vya maua taratibu kati ya saa tatu na saa tano asubuhi ili chavua idondoke.

6. La muhimu kuliko yote ni kalenda. Sia mbegu katikati ya Aprili, hamisha miche Mei, maua yatoke Juni na Julai wakati wa baridi. Oktoba na Novemba huku kwetu, nailoni iliyofungwa ni tanuri.

Na kama hujajenga, fikiri kwanza. Kwa joto letu, banda la neti tupu mara nyingi linafaa kuliko nailoni, na gharama yake ni ndogo.

Yule mama alivuna ndoo tatu tu msimu ule, na mkopo akaumalizia kwa korosho. Tuliondoa nailoni za pembeni pamoja, mimi nikiwa juu ya ngazi. Mwaka uliofuata alisia Aprili, na Agosti akanitumia mtoto na sahani ya nyanya nyekundu hadi mabegani. Nilikwenda kumshukuru. Nilichagua kwenda saa nane mchana.

Ukiwa na kitalu nyumba kinachokusumbua, nijulishe nije nikione. Ila usinipangie asubuhi.