Mpiga besi, mguu wako una kazi gani?

Wapiga besi wenzangu, najua wengine mtanuna lakini wacha niseme: kabla hujanunua distosheni ya pili, nunua pedali ya volyumu. Ndiyo, haileti sauti mpya. Haina hata taa za kupendeza. Nunua tu.

Mikono yako yote miwili iko bize. Ukitaka kushusha sauti kwa kile kitufe cha gitaa, lazima mkono uachane na nyuzi, na mdundo unakatika. Mguu nao uko tu hapo, unahesabu.

Huku kwetu Mbololo, kumbi nyingi ninazopigia ni za mabati, spika mbili, basi. Waya wa E wa besi uko karibu hezi 41. Uupandishe kidogo tu, mabati nayo yanaanza kuimba. Kuna harusi moja fundi mitambo alinishusha kabisa, nikapiga nyimbo tatu bila mtu kunisikia, hata mimi mwenyewe. Jamaa hakuwa na roho mbaya, ni vile hakuwa na sababu ya kuniamini. Siku hizi naanza pedali ikiwa imebakisha nafasi, na MC akishika maiki nashuka kabla hajageuka kuniangalia. Fundi akishaona hivyo mara mbili, ananiachia. Usipojishusha mwenyewe utashushwa, na anayekushusha huwa anasahau kukurudisha.

Sasa, kununua. Uliza nambari ya ukinzani. Ernie Ball VP Jr. kwa mfano iko ya 250K na ya 25K. Kama besi yako haitumii betri, na pedali inaingia moja kwa moja kutoka kwa gitaa, chukua 250K. Ukichukua 25K hapo, sauti kali zinapotea na besi inasikika kama imefunikwa blanketi. Besi ya betri, au pedali inayokaa nyuma ya efekti zinazotumia umeme, hiyo ni 25K. Kwa Boss, FV-500H ni ya gitaa moja kwa moja, FV-500L ni ya upande huo mwingine. Kwa hivyo amua kwanza utaiweka wapi, ndio utoe pesa.

Na utaiweka wapi? Ikikaa kabla ya distosheni, ukishusha mguu unapunguza pia ule ukali, besi inakuwa safi. Ikikaa baada yake, ukali unabaki vile vile, ni sauti tu inashuka. Kompresa iwe mbele yake, kwa sababu ikiwa nyuma itapandisha tena kile ulichoshusha, mnapigana bure. Dilei nayo iwe mwisho, ili ukifunga mguu mwangwi umalizike wenyewe badala ya kukatwa kama stima imepotea.

Mimi yangu iko katikati: kompresa, distosheni, volyumu, dilei. Mwimbaji akiwa kwenye beti nakaa kama robo tatu. Sebene ikiingia, magitaa yakianza kukimbizana, nasukuma hadi mwisho. Hiyo robo moja watu hawaijui kwa jina, lakini utaona viti vinaachwa.

Kitu kingine, nyingi za pedali hizi hazihitaji stima wala betri, na kwa shoo za huku hiyo ni baraka. Adui wake ni vumbi. Kama unaishi hapa Voi unalijua hili letu jekundu. Ukisikia mikwaruzo unapokanyaga, puliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, na ukisafiri nayo kwa boda ifunge kwenye mfuko.

Na tafadhali vaa viatu. Ndala huteleza, na sebene haingoji mtu anayetafuta ndala yake.