Mjomba, Nami Nimenunua Vespa



Mama amenifikishia salamu zako, na kicheko chako pia. Eti umesema: mtu kaenda Ulaya miaka yote hiyo, karudi palepale kwenye vespa aliyokuwa akipelekwa nayo skuli! Cheka tu, haki yako. Huko Unguja mtu akiacha vespa akanunua gari tunasema kapanda, na akiuza gari akanunua vespa watu wanaanza kuulizana kafilisika lini. Hapa Roma hakuna anayeuliza. Daktari anakwenda kazini na skuta. Wakili anakwenda mahakamani na skuta, suti na tai, mkoba umening'inia kwenye kile kindoana cha mbele, katikati ya magoti. Bibi mwenye umri wa nyanya yangu anatoka sokoni na skuta, vitunguu maji vinachungulia kwenye boksi la nyuma. Wengi wao gari wanalo. Limeegeshwa nyumbani linangoja Jumapili, kwa sababu siku ya kazi halina pa kupita wala pa kukaa.

Lawama ni za mji wenyewe. Roma ilijengwa na watu wa miguu na mikokoteni, na waliokuja baadaye wameona haya kuibomoa. Ni mji wa watu karibu milioni 2.8, na treni za chini ya ardhi zina njia tatu tu, maana kila wakichimba wanakutana na kambi ya askari wa Kirumi au nyumba ya tajiri wa zamani, basi kazi inasimama mpaka wataalamu wa mambo ya kale wamalize kufagia kwa brashi. Halafu kuna migomo. Migomo ya usafiri hapa inapenda Ijumaa, na hutangazwa mapema kwa adabu zote: vyombo vitatembea mpaka saa 2:30 asubuhi, vitasimama, vitarudi saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku. Anayetoka kazini saa 8 mchana, kama mimi, atajijua.

Nakaa Torpignattara, mashariki ya mji, mtaa wa Wabangladeshi, ambako hukosi bamia wala bizari wala mtu wa kukuuliza "mambo vipi, dada" kwa Kitaliano kibovu kama changu. Kazi yangu iko Monteverde, ng'ambo ya mto, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kwa tramu, basi na tramu nyingine, ni zaidi ya saa nzima, Mungu akipenda. Kwa skuta hata nusu saa haifiki. Natoka alfajiri, napita Porta Maggiore, nateremka Via Labicana mpaka Colosseo linapojitokeza mbele yangu, nalizunguka kama unavyoizunguka raundabauti ya Michenzani, nakwenda zangu. Watu wanatoka Japani kuja kuliona. Mimi hapo nina wasiwasi na basi lililo nyuma yangu.

Basi nikueleze gharama, maana najua ndilo unalotaka kujua. Chombo chenyewe rahisi. Nimenunua kilichotumika, sisi 125, na mafuta hakinywi: lita moja inanipeleka zaidi ya kilomita 35. Kodi ya barabara ni kama euro 20 kwa mwaka. Kuegesha bure, mahali popote penye visanduku vya rangi nyeupe vya pikipiki. Kinachouma ni karatasi.

Leseni yetu inatambuliwa mwaka mmoja tu tangu siku unapoandikishwa kuwa mkaazi. Ukishapita, unaanza moja, kwa kuwa Tanzania na Italia hazina makubaliano ya kubadilishana leseni. Mtu aliyeendesha lori kutoka Dar mpaka Lubumbashi anakaa darasani na watoto wa miaka 18 kufundishwa alama ya kusimama ikoje. Mtihani wa nadharia una maswali 30 ya kweli au si kweli, dakika 20, na ukikosea la nne umeanguka. Hayaulizi kama unajua kuendesha. Yanauliza kama unajua Kitaliano: sentensi inakuwa kweli, kweli, kweli, mpaka neno la mwisho linaigeuza. Ukifaulu ukapata leseni ya gari, inakuruhusu pia skuta ya sisi 125, ila ndani ya mipaka ya Italia tu. Ukivuka kwenda Ufaransa na skuta yako, shauri yako.

Kisha bima. Hapa, mjomba, nilikukumbuka wewe khasa. Bima wameigawa madaraja 18. Anayeanza anaingizwa la 14, na kila mwaka akimaliza bila kugonga mtu anapanda daraja moja, malipo yanapungua. Sasa tangu 2007 sheria inamruhusu mtoto wa nyumbani kurithi daraja la baba yake, na tangu 2020 hata daraja la gari la baba linaweza kwenda kwenye skuta ya mtoto. Kijana wa Kirumi aliyepata leseni juzi anaingia barabarani na daraja la kwanza mfukoni. Wewe, na umri wako wote juu ya vespa bila kumgusa hata kuku, ungeandikwa la 14. Nilimwambia yule karani wa bima kwamba na mimi nina mjomba. Alitabasamu, akaendelea kuchapa.

Skuta yangu haina gia za mkono. Usisikitike. Ile yako unayozungusha mkono wa kushoto kutafuta gia ya pili huku petroli umeshaichanganya na oili kwenye kopo, siku hizi hapa ni ya wapenzi wa vyombo vya zamani, wanaipaka nta na kuitoa Jumapili. Na zile za moshi mwingi, zilizoundwa kabla ya masharti ya hewa safi kukazwa, haziruhusiwi kuingia kati ya mji siku za kazi. Yangu ni ya mkanda. Ilipoanza kugutuka kila nikitoka kwenye taa, niliipeleka kwa fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu, mwenye gereji ya upana wa mlango. Alifungua kifuniko cha pembeni, likatoka vumbi jeusi la mpira, kisha akatoa kwenye puli zile rola ndogo za mviringo, akaniwekea moja moja juu ya gazeti. Zimelika upande, zina ubapa kama tende iliyokaliwa. Akanitazama kama kwamba mimi ndiye niliyezitafuna. Alibadilisha zote na mkanda, akakataa kuniuzia plagi mpya kwa sababu ya zamani bado inafaa. Ungempenda.

Na jambo hili sijui kama nimewahi kukwambia: chombo chako hakikubuniwa na mtu wa pikipiki. Aliyekichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na pikipiki hakuzipenda kabisa, akiziona chafu, mnyororo unatia mafuta nguo, na tairi likipata pancha ni msiba. Kiwanda cha Piaggio pale Pontedera kilikuwa kikiunda ndege mpaka vita vikakiteketeza kwa mabomu. Vita vilipokwisha nchi haikuwa na barabara wala fedha, watu wakahitaji chombo rahisi, na hataza ya Vespa ikaandikishwa Florence tarehe 23 Aprili 1946. Ndiyo maana gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja, kama la ndege, na wewe ukipata pancha njia ya Bububu ulikuwa ukifungua nati unatia la akiba, sisi tunakusubiri chini ya mwembe. Ndiyo maana pia injini imefunikwa na katikati pako wazi: mwanamke akikaa na gauni au buibui lake hakuna kinachoonekana wala kinachochafuka. Miaka miwili baadaye wakakiongezea gurudumu la tatu na kibebeo, wakakiita Ape. Wahindi wa Bajaj wakachukua leseni ya kuviunda kwao katika miaka ya 1960, na yaliyofuata unayaona ukivuka kwenda Dar: bajaji zote zile ni ukoo wa Ape. Hapa Ape inabeba mboga na mabati, au inapakia watalii kuwazungusha kwa bei ambayo dereva wa bajaji wa Kariakoo akitajiwa ataomba kiti akae.

Lakini ukoo ni mmoja, maisha mbalimbali. Kwetu chombo cha magurudumu mawili ni kazi. Ukisikia bodaboda unamwona kijana, koti lake la kiakisi, na hesabu anayompelekea tajiri jioni. Siti ya nyuma ndiyo mshahara wake. Hapa siti ya nyuma haina kazi. Anapanda mke, mtoto, rafiki, na siku nyingi hapandi mtu. Huwezi kusimama pembeni ya barabara Roma ukamwita mtu akakupeleka kwa euro mbili. Ningekuwa na mamlaka ningewaletea bodaboda, hasa hizo Ijumaa za migomo, na wangenishukuru kabla hawajanishtaki.

Wanaofanya kazi kwa skuta ni wapeleka chakula, wale wenye sanduku la mraba kubwa mgongoni, na karibu wote ni wageni: Pakistani, Bangladesh, Afrika Magharibi. Wanalipwa kwa safari, si kwa saa, na simu ndiyo bosi wao. Wengi hawana hata skuta, wanakanyaga baiskeli mlima mpaka Monteverde kwenye mvua ili piza isipoe. Mimi nina boksi dogo tu la kutilia helmeti, lakini kwenye jumba moja nilipokwenda kumjulia hali mzee wetu wa kazini aliyerudishwa kwake, mlinzi wa mlangoni aliniona na helmeti mkononi, akanionyesha lifti ya nyuma. Wenye kuleta vitu wanapanda ile. Nikamwambia ninachokileta ni mimi mwenyewe. Nilipanda ya mbele.

Ndiyo sababu naipenda helmeti kuliko unavyoweza kudhani. Najua yako inakaa kwenye usukani, inapanda kichwani ukimwona askari. Hapa tangu 2000 ni lazima kwa kila mtu kwenye kila chombo, mtu mzima na mtoto, na ukikamatwa bila hiyo unalipa faini na chombo kinazuiwa siku 60. Lakini mimi naipendea jambo jingine. Nikishashusha kioo, kwenye taa nyekundu tunajaa mbele ya magari, skuta 20 au 30 tumebanana, na hakuna anayejua nani ametoka wapi. Wananiuliza njia. Mimi! Juzi mwanamke mmoja, koti la bei mbaya, aligonga boksi langu kwa kidole, akaniuliza hilo blanketi langu la miguuni nimelinunulia wapi na linaingiza maji au haliingizi. Ni guo la mpira lenye manyoya ndani, linafungwa kwenye chombo, unatumbukiza miguu kama mtu aliyekaa kitandani. Bila hilo Januari magoti yanasahau kuwa ni yako. Tulikuwa tumefika kwenye bei, taa ikawaka kijani.

Hatari zipo, sitakudanganya, ila usimsomee Mama sehemu hii. Mji wa kati umetandazwa vijiwe vyeusi vya volkano, na kila kimoja kinataka kukaa kimo chake. Vikilowa havina urafiki. Reli za tramu lazima uzikate kwa pembe kubwa, ukizifuata tairi linaingia. Na kuna kwenzi. Wanakuja kutoka kaskazini wakati wa Oktoba, maelfu kwa maelfu, jioni wanachora mbinguni maumbo ambayo watalii wanayapiga picha huku midomo wazi, jambo ambalo nisingeshauri. Kisha wanalala kwenye miti ya kando ya mto, na asubuhi lami ya Lungotevere imepakwa kinyesi, laini kama sabuni iliyoroweshwa, harufu yake inapita kioo cha helmeti. Skuta zinaanguka pale moja juu ya nyingine. Manispaa inatuma watu na vipaza sauti vinavyotoa mlio wa kwenzi aliyeingiwa na hofu, ili wenzake wahame. Wanahama. Wanakwenda mti wa pili.

Sasa la mwisho. Nilikwenda Porta Portese, lile soko la Jumapili, na kwenye zile meza za vyuma vikuukuu nimeona kebo za gia, vioo, na lile duara la mpira la taa ya mbele ulilosema linakupa tabu kulipata Darajani. Muuzaji hakubali "vespa ya zamani, ya bluu". Anataka herufi zilizochongwa kwenye bodi, chini ya kile kifuniko cha upande wa injini, na kama magurudumu yako ni ya inchi 8 au 10. Mwambie mmoja wa watoto afute oili, apige picha, anitumie kabla ya Jumapili ijayo, maana kuna mtu wetu anasafiri mwisho wa mwezi na ameniachia kilo mbili kwenye begi lake. Mama ameshachukua moja na nusu.