Nyumba ya Fundi Saa

Katika mji wa Haarlem, nchini Uholanzi, iko njia nyembamba yenye maduka iitwayo Barteljorisstraat. Nyumba namba 19 ya njia hiyo ina duka la saa upande wa chini, na mpita njia hawezi kuona ajabu yoyote. Duka hilo lilifunguliwa mwaka 1837 na ukoo wa ten Boom, nao waliirithishana kazi hiyo kutoka babu hadi mjukuu kwa zaidi ya miaka mia moja. Tangu mwaka 1988 nyumba hiyo ni makumbusho. Wageni huingia kwa makundi madogo, husimuliwa habari za nyumba, kisha hupandishwa ngazi nyembamba hadi chumba cha kulala kilicho juu kabisa. Humo hamna dhahabu wala kiti cha mfalme. Mgeni huonyeshwa kabati la mashuka na ukuta.

Ukuta huo ndio sababu ya safari. Ulijengwa kwa siri mwaka 1943, tena kwa matofali, ili mpekuzi akiugonga usitoe sauti ya utupu. Nyuma yake iliachwa nafasi ambayo upana wake haufiki mita moja. Mlango wake ulikuwa ubao mdogo wa kusukuma chini ya kabati, na aliyetaka kuingia ilimbidi atambae. Siku hizi sehemu ya ukuta imetobolewa kusudi ili watu wachungulie, na kila achunguliaye hutambua mara moja jinsi palivyo finyu.

Yafaa kukumbuka jinsi mambo yalivyofikia hapo. Majeshi ya Ujerumani ya Manazi yaliivamia Uholanzi tarehe 10 Mei, 1940, na baada ya siku tano jeshi la nchi hiyo likasalimu amri. Wakati huo Wayahudi wa Uholanzi walikuwa wapata 140,000. Dhuluma juu yao ilianza polepole, kwa fomu na mihuri. Kwanza waliandikishwa. Kisha vipande vyao vikapigwa herufi J. Mwezi wa Mei, 1942 wakaamriwa kushona nyota ya manjano katika nguo zao, na mwezi wa Julai treni zikaanza kuwachukua kuwapeleka katika kambi za mauaji. Wapatao 102,000 hawakurudi. Kazi hiyo haikufanywa na wavamizi peke yao. Makarani wa Kiholanzi waliandika majina, na polisi wa Kiholanzi walitumwa nyumba hadi nyumba kuwatoa watu.

Katika nyumba ya saa aliishi mzee Casper ten Boom, Mkristo mcha Mungu aliyekuwa amepita miaka 80, pamoja na binti zake wawili wasioolewa. Betsie alitunza nyumba. Corrie alifanya kazi dukani, naye ndiye mwanamke wa kwanza nchini humo kupata cheti cha ufundi saa, mwaka 1922. Watu hao hawakuwa na bunduki. Silaha yao ilikuwa utaratibu wa nyumba, na hapa ndipo kila mama wa nyumbani angefaa kutega sikio.

Tatizo la kwanza lilikuwa chakula. Wakati wa vita chakula kilipatikana kwa kadi za mgao, na Myahudi aliyejificha hakuwa na kadi. Corrie aeleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba karani mmoja wa ofisi ya chakula ndiye aliyewatolea kadi mia moja, huku akijua fika adhabu yake. Tatizo la pili lilikuwa msako. Kengele za umeme zilitiwa ndani ya nyumba, na wageni wakafanyishwa mazoezi kama askari wa gwaride. Kengele ikilia wakati wa kula, sahani za wageni ziondoke mezani, maana sahani nyingi mbele ya watu watatu ni ushahidi. Ikilia usiku, aliyelala ageuze godoro kabla ya kukimbia, ili mpekuzi akiligusa asikute joto la mwili. Dirishani kiliwekwa kibao cha tangazo la saa za Alpina. Kikionekana, rafiki alijua kwamba kuna amani na aweza kuingia.

Siku moja aliletwa mwanamke mwenye pumu. Nyumba nyingine zilikuwa zimemkataa, kwa kuwa kukoroma kwa kifua chake kungeweza kuwaponza wote nyuma ya ukuta. Wenye nyumba hawakuamua peke yao. Wageni waliokwisha kujificha waliulizwa, kwani roho zilizokuwa hatarini zilikuwa zao. Wote walikubali akaribishwe.

Tarehe 28 Februari, 1944 mtu mmoja alifika akiomba fedha za kumwokoa mkewe aliyekamatwa. Kumbe alikuwa msaliti. Siku hiyo hiyo nyumba ikazingirwa, na watu wapatao 30, jamaa na marafiki waliokuwamo au walioingia bila habari, wakatiwa mbaroni. Wapekuzi walivunja na kugonga kila mahali, wasikione chumba cha siri. Ndani yake walikuwamo watu sita: Wayahudi wanne na Waholanzi wawili wa upinzani wa siri. Mwenye pumu alikuwa mmoja wao.

Nyumba iliwekwa chini ya ulinzi ili njaa iwatoe waliojificha. Hapa ndipo pana jambo ambalo askari msomaji hana budi kulitia moyoni. Miongoni mwa polisi wa mji wa Haarlem walikuwamo waliojiunga na upinzani kwa siri. Hao ndio waliofanya mpango, na baada ya saa 47 watu sita wakatolewa nyuma ya ukuta wakiwa hai, wakapelekwa mafichoni kwingine. Ulinzi uliowekwa kuwanasa ukawa njia ya kuwatoa.

Sasa na tuipime habari hiyo kwa nyumba nyingine, iliyo mbali na hapo kwa mwendo wa kilomita 20 hivi. Mjini Amsterdam, katika namba 263 ya Prinsengracht, watu wanane walijificha nyuma ya kabati la vitabu, wa kwanza wao tangu Julai, 1942. Mmoja wao alikuwa msichana Anne Frank, ambaye shajara yake imesomwa duniani kote. Tarehe 4 Agosti, 1944 walikamatwa na ofisa Karl Silberbauer akiwa pamoja na polisi wa Kiholanzi. Otto Frank, baba wa msichana huyo, alisimulia baadaye kwamba Silberbauer aliona sanduku lililothibitisha kuwa Otto alikuwa luteni wa jeshi la Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Papo hapo akabadili sauti, akawaambia wasifanye haraka kufunga mizigo yao. Alikiheshimu cheo, lakini mtu mwenye cheo hicho akampeleka kambini pamoja na mkewe na watoto wake wawili. Kati ya wale wanane, Otto peke yake ndiye aliyenusurika. Mwaka 1963 Silberbauer aligunduliwa akiwa bado ofisa wa polisi mjini Vienna.

Polisi wa Haarlem na polisi walioingia Prinsengracht walivaa sare, walipokea mshahara na walikuwa na wakubwa wa kuwaamuru. Sheria ya wavamizi iliwataka wote wawakamate Wayahudi. Yamkini wengi wao walikuwa na watoto waliongojea mkate jioni, na kwa hiyo kukataa hakukuwa jambo rahisi. Ni kweli kwamba bila utii hakuna jeshi, na bila nidhamu sare ni nguo tu. Lakini mahakama ya Nuremberg ya mwaka 1945 na 1946 iliweka wazi kwamba amri ya mkubwa peke yake haimtoi mtu katika hatia ya kuua wasio na kosa. Askari ni mwenye mkono unaotekeleza amri, na mkono huo una mwenyewe.

Gharama ya wema haikuwa ndogo. Mzee Casper alifariki kifungoni baada ya siku kumi, mwenye umri wa miaka 84. Betsie alifia kambi ya Ravensbrück mwezi wa Desemba, 1944. Corrie alifunguliwa mwishoni mwa mwezi huo huo, akaishi kuzunguka dunia akihubiri msamaha, na katika miaka ya 1960 alikaa kwa muda hata nchini Uganda. Alifariki mwaka 1983, siku ya kutimiza miaka 91. Yule mwenye pumu naye, kwa maelezo ya Corrie, alikuja kukamatwa barabarani baada ya kuokolewa. Waliomkaribisha na waliomtoa nyuma ya ukuta hawakuwa na hakika ya mwisho wake walipofanya walilofanya.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mlio katika kota za askari, yaelekea habari hii itasomwa mezani, baba akiwa amerudi zamu na mama akipakua chakula. Kazi ya ulinzi huanza na kumjua unayemlinda. Polisi wale wa Haarlem hawakuweza kurudi nyumbani na kujisifu mbele ya wake zao, kwa kuwa neno moja lililovuja lingewaua. Walikula chakula chao wakanyamaza, na siku ya pili wakavaa sare zao wakaenda kazini kama kawaida.