Pango la Kaka

Mwaka 1996 mama alilazwa, mimi na kaka tukapelekwa kwa mjomba. Mjomba alikuwa na kompyuta ya kufanyia hesabu za duka lake, na ndani yake mlikuwa na Comanche, gemu la helikopta lililotoka Marekani mwaka 1992. Kaka ndiye aliyerusha. Kazi yangu ilikuwa kutazama milima.

"Humu kuna pango," aliniambia. "Wewe litafute. Usiseme neno mpaka ulione."

Nililitafuta wiki tatu.

Milima ile ilinishika kwelikweli. Katika magemu mengi ya kuruka ya siku zile mlima ulikuwa pembetatu chache zilizopakwa rangi, kama hema. Hii ilikuwa na mikunjo, makorongo, vivuli. Nani angekataa kuwa ina pango?

Mwaka jana nikajaribu kuitengeneza mwenyewe. Kumbe siri yake ni ndogo tu. Unahitaji ramani mbili: moja inasema kila mahali pana kimo gani, nyingine pana rangi gani. Halafu kwa kila safu wima ya skrini programu inaanzia karibu nawe kwenda mbali, ikiuliza kila hatua: ardhi ya hapa inachomoza juu ya ile niliyokwisha kuichora? Ikichomoza, inaongeza kipande cha rangi. Isipochomoza, imefichwa, inapita. Kampuni ya NovaLogic iliuita ufundi huo Voxel Space, ingawa humo hamna vokseli, yaani vile vijisanduku, kwa maana kamili. Kuna namba moja tu kwa kila mahali: kimo.

Hapo nikaacha kuandika. Pango linataka ardhi, chini yake uwazi, chini yake ardhi tena. Namba moja haiwezi kubeba yote hayo. Katika milima ile pango lisingeweza kuwepo hata kwa bahati.

Nikampigia kaka.

"Unakumbuka lile pango?"

"Nalikumbuka."

"Halikuwepo, kaka. Haliwezekani kabisa."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mdogo wangu, usingekuwa unalitafuta, si ungeniuliza mama anarudi lini?"

Mama hakurudi. Mimi niliambiwa mwisho wa wiki ya tatu. Kaka alikuwa ameshajua tangu ile ya kwanza kwamba hatapona. Alikuwa na miaka 13.