Mstari kwenye Mwimo wa Mlango

Msibani, baada ya wimbo wa pili, kijana mmoja wa ukoo alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea maikrofoni. Marehemu alisoma mpaka darasa la saba, akachaguliwa na kijiji kwenda mafunzo ya MCHA, akafanya kazi katika zahanati ile mpaka alipostaafu. Binti wa mdogo wangu, ambaye ni muuguzi wa cheti katika wilaya jirani, alikuwa amekaa kiti cha pembeni yangu. Akaniinamia.

"Baba mkubwa, MCHA ndiyo nini?"

Nikamweleza kwa kunong'ona.

"Miezi kumi na minane tu? Kumbe hakuwa nesi."

Nilimeza mate. Msibani si mahali pa kugombana, na mtoto hakusema uongo. Lakini huyo ambaye hakuwa nesi ndiye aliyenifundisha kazi, na tangu siku ile maneno yale yamenikaa kooni kama mwiba wa kambale.

Nilifika pale nikiwa RMA mpya, na miaka 3 ya chuo ndani ya bahasha ya kaki. Barua ya ajira inasema Septemba 1980, ingawa siku zote nimekuwa nikisema 1979. Acha barua ishinde. Kwa vijana: RMA alikuwa msaidizi wa tiba vijijini, na MCHA alikuwa msaidizi wa afya ya mama na mtoto. Kwenye karatasi za wizara sote wawili tulikuwa wasaidizi. Tulimsaidia nani, sijui, maana daktari wa karibu alikuwa ng'ambo ya mto Kilombero, Ifakara, na mwingine alikuwa juu milimani, Mahenge. Kijiji hakikutaka kusumbuliwa na vyeo vya wizara. Mimi nikaitwa Daktari, yeye akaitwa Mama Nesi, mambo yakaisha.

Alichoruhusiwa kilikuwa kwenye karatasi moja iliyopigwa taipu, imebandikwa nyuma ya mlango: kupima uzito wa watoto, kuchanja, kliniki ya wajawazito, uzazi wa mpango, lishe, kuzalisha uzazi wa kawaida. Karatasi yangu ilikuwa na malaria, kichomi, kuhara, minyoo, sindano za penisilini (PPF) na kushona jeraha dogo. Kuingiza mkono kwenye mfuko wa uzazi hakukuwa kwenye karatasi ya yeyote kati yetu.

Kasoro ya karatasi zile ni kwamba zilidhani sote wawili tuko kazini kila siku. Mshahara na dawa nilivifuata Mahenge, siku tatu kiangazi, wiki nzima masika. Malaria haikusubiri mshahara wangu. Nikirudi nilikuta klorokwini imetolewa, mguu uliokatwa na jembe umeshonwa, na kila kitu kimeandikwa kwenye rejista kwa mwandiko wake wa mviringo, mwisho wa kila mstari maneno yale yale: *RMA hayupo*. Hayo ndiyo yalikuwa leseni yake.

Usidhani alikuwa mtu wa kujichukulia madaraka. Katika kazi hii sijakutana na aliyejua pa kuishia kuliko yeye. Kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha kliniki alikuwa amechora mstari wa buluu kwa rangi iliyobaki walipopaka madirisha, sentimita 150 kutoka sakafuni, ameupima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani. Kila mjamzito mpya alivua kandambili, akasimama hapo kisigino kimegusa mbao. Mimba ya kwanza na kichwa hakifiki mstari? Huyo hazai hapa. Mwezi wa nane ukiingia atavuka mto, akakae kwa ndugu Ifakara mpaka uchungu umkute karibu na chumba cha upasuaji.

Waume waligomba. Nani atalima mpunga? Nani atapika? Mmoja alikuja amefura, akasema mama yake mzazi alikuwa mfupi kuliko mkewe na alizaa tisa.

"Mama yako hakuzalishwa na mimi," Mama Nesi akamjibu, huku akijaza barua ya rufaa.

Najua siku hizi wataalamu wanasema kimo peke yake hakitabiri uzazi mgumu. Sawa. Wao wana gari la wagonjwa. Sisi tulikuwa na machela, wanaume wanne, na pantoni ambayo haikuvuka usiku.

Harufu ya zahanati ile bado ninayo. Ilianza na mafuta ya taa, kwa sababu jokofu la chanjo lilitumia mafuta ya taa na jiko lilitumia mafuta ya taa, na asubuhi mabomba ya kioo na sindano zake vilitokota kwenye sufuria tangu taarifa ya habari inaanza redioni mpaka imekwisha na nyimbo mbili juu yake. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa. Juu ya mafuta ya taa ilikaa spiriti, juu ya spiriti laizoli, na chini kabisa, kwa mwenye pua, jasho la watoto waliofungwa mgongoni tangu alfajiri. Vidole vya Mama Nesi vilikuwa na zambarau ya dawa ya jentiani violeti (GV) isiyotoka hata Jumapili kanisani.

Na sabuni. Miaka ile ya foleni sabuni ilikuwa adimu. Sabuni ya mche ikipatikana aliikata kwa uzi vipande vidogo, akaifungia kabatini, ufunguo ukaning'inia shingoni pamoja na rozari. Kipande kimoja, uzazi mmoja. Mimi niliyeitwa Daktari niliwahi kuomba kipande nifulie shati la mkutano wa wilaya. Alinitazama kana kwamba nimeomba figo.

Usiku ninaotaka kuusimulia, daftari langu linasema Aprili 1982. Mke wangu anashikilia 1983, kwa sababu anakumbuka alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Mto ulikuwa umejaa, juu ya hilo hatubishani. Mama mmoja wa uzao wa tano alijifungua salama, mtoto akalia, kondo la nyuma halikutoka. Mama Nesi alimchoma ergometrini, akamweka mtoto kwenye titi, akamsaidia mama akojoe, akasubiri. Kondo halikuja. Damu ikaja.

Chemli ilikuwa mkononi mwangu na mkono ulikuwa unatetemeka. Pantoni imefungwa kamba ng'ambo. Mama Nesi alikuwa ameona kazi ya kuingiza mkono ikifanywa mara mbili, mafunzoni, na mkunga mkongwe. Mimi nilikuwa nimeisoma tu.

"Andika," akaniambia.

"Niandike nini?"

"Saa. Damu imefika wapi. Pantoni haivuki. Andika nimefanya mimi, si wewe."

Kisha akafungua kabati, akatoa mche mzima wa sabuni, ambao haujakatwa, akaanza kujisugua kuanzia kucha mpaka juu ya viwiko. Alisugua mpaka karibu nusu ya mche ikaenda na maji. Kwa sabuni ile nilielewa ukubwa wa jambo kuliko kwa damu niliyokuwa naiona sakafuni. Sitasimulia zaidi. Kondo lilitoka, akaligeuza kwenye beseni akilikagua kama mtu anayehesabu chenji, kisha akaketi anakanda tumbo la mama mpaka kunapambazuka. PPF nilichoma mimi. Maji yalipopungua mama alivushwa, akarudi na miguu yake.

Miezi miwili baadaye alikuja mkaguzi kutoka wilayani. Alipekua rejista ukurasa kwa ukurasa, akafika pale, akasoma, akarudia. Mama Nesi alisimama wima karibu na mwimo, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Mzee yule hakusema kitu. Alitoa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: *Asirudie. Asante.* Akaweka sahihi, akaomba maji ya kunywa.

Alirudia? Mara moja, ninayoijua. Na mara nyingine nne au tano alikataa katakata kugusa, akawaamsha wanaume wabebe machela akiwa bado na muda. Watu wanazisimulia zile mbili. Mimi nazihesabu hizi nyingine.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mabomba ya kutupa yakaja, sufuria ikarudi jikoni kupikia maharage. Kuchangia gharama kukaja, watu wakaanza kuugua kwa mahesabu. Klorokwini ya malaria na muwasho wake iliondolewa 2001, SP ikashika zamu, halafu dawa mseto. Mafunzo ya MCHA yalifungwa; Mama Nesi alipelekwa darasani akiwa na wajukuu, akarudi anaitwa muuguzi wa afya ya jamii (PHN B), akafanya kazi ile ile. Mimi nilipanda nikawa tabibu msaidizi, kisha tabibu, nikahamia Morogoro, nikastaafu. Sheria ya uuguzi na ukunga ya 2010 ikataka kila mmoja awe na leseni na aihuishe. Na katika kliniki ya wajawazito leo nesi anaanzisha mtu dawa za ARV, jambo ambalo enzi zetu lingeitwa udaktari. Daraja la Kilombero lipo, unavuka ukiwa unatuma ujumbe kwenye simu.

Kwa hayo yote nisingekuwa na neno. Tatizo langu ni miongozo minene, yenye jalada la rangi, inayofungiwa ofisini isichafuke, huku anayeshika zamu ya usiku hajaonyeshwa hata mara moja na mkono wa mkongwe. Karatasi ya Mama Nesi ilikuwa moja, na ilikuwa mlangoni.

Baada ya mazishi nilimpitisha binti kwenye zahanati. Jengo la zamani limevunjwa. Jipya lina vigae na bati la buluu. Nilimuuliza mlinzi kuhusu miimo ya milango. Akasema mbao zote walizipikia mafundi walipokuwa wanajenga. Basi.

Tukakaa kwenye benchi la wagonjwa nikamsimulia habari ya kalamu nyekundu. Alicheka, kisha akanyamaza. "Sisi wangetuandikia barua ya kujieleza," akasema. "Ndani ya siku saba."

Simu yake ikalia. Alisikiliza akiwa amekunja uso, akauliza mimba ya ngapi, akauliza damu.

"Kituoni kwangu," akaniambia akiwa amefunika simu kwa kiganja. "Tabibu yuko semina. Mwenzangu anaumwa."

"Nani yupo, basi?"

"Mhudumu."

Sikumuuliza mhudumu anaruhusiwa kufanya nini. Yeye alikuwa tayari amerudi kwenye simu, sauti imetulia, anamwambia mtu wa upande wa pili anawe mikono kwanza, na aandike saa.